Nyumba Iliyoachwa Nje ya Mstari wa Majivu

Siku mstari wa majivu ulipofika mlangoni kwetu tulikuwepo watu saba, na nitawataja wote. Mama mkwe wangu, Bi. Mwajabu, alikuwa ameketi kizingitini na ungo wa kunde mapajani. Binti yake Tatu, wifi yangu, alisimama ndani nyuma ya mama yake; mimi na Tatu tulikuwa umri mmoja na tulikuwa tukiazimana kanga. Nje alisimama Mzee Pazi, kaka yake Bi. Mwajabu, baba mmoja mama mmoja, ambaye mwaka ule alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Pembeni yake Bi. Chiku, jirani wa nyumba iliyofuata, mkunga wa kijiji, mama aliyekuwa ametoka kumzika mwanawe Shomari. Alikuwepo Mzee Kibwana, fundi wa dawa aliyeletwa kutoka upande wa Mkuranga, na kapu lake la majivu. Alikuwepo Mwalimu Maganga, Mnyamwezi, mtani wetu, aliyetufundisha sisi watu wazima kusoma na kuandika. Yeye alikuja kutazama tu. Wa saba ni mimi, Sikudhani, mke wa Mrisho mwana wa Bi. Mwajabu, na tumbo la miezi minane. Mrisho mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kibarua kwenye mitambo ya maji Ruvu, na habari hizi alizikuta zimekwisha.

Wa sita kuondoka duniani katika hao saba ni Tatu. Tulimzika hapa Misugusugu, na katika arobaini yake nilikaa mkekani na wajukuu zake wakawa wanasimulia. Mmoja wao, Idi, kijana mwenye ndevu nzuri na simu mbili, akawaambia wenzake kwamba zamani huko Kisarawe bibi yao aliishi kwenye nyumba iliyotengwa, simba akizunguka, na Mungu akaupasua mstari wa majivu bila mkono wa mtu ili mkunga apite. Kisha akanigeukia, "Shikamoo bibi. Si ndivyo ilivyokuwa?" Nikaitikia marahaba. Swali lake sikulijibu. Nilikuwa na wali mdomoni, nikaufanya huo wali kuwa sababu. Nimeutafuna mpaka leo. Kwa hiyo naandika, kwa mwandiko wangu huu wa kisomo cha watu wazima, wenye herufi zinazolala kama mtama uliopigwa na upepo, na atakayesoma anivumilie.

Ulikuwa mwaka tuliohamishwa. Tulitoka kwenye makazi yetu ya zamani, kila nyumba na mikorosho yake, tukapangwa mistari miwili kando ya barabara ya kwenda Maneromango. Sina ugomvi na waliotuhamisha. Walisema tutapata shule, na shule tulipata. Bila shule ile msingesoma haya. Lakini nyumba mtu huijenga kwa kuitazama, leo pembe hii, mwezi ujao pembe ile, na sisi tuliambiwa tujenge kabla ya mvua. Yetu ilikuwa ya mwisho kwenye mstari. Fito zilisimama zote, udongo ulikuwa umekandikwa mpaka usawa wa kifua, na hapo juu ulipita upepo na maneno ya watu. Nikijilaza mchana na tumbo langu nilimsikia Bi. Chiku akikuna nazi, nikasikia nyumba ya tatu wakigombana juu ya beberu aliyekula jamvi, nikasikia nani amemnunia nani. Mlango wetu nao ulikuwa jamvi. Nataka mlikumbuke hilo. Watu wanaposimulia habari za ile nyumba huweka mlango wa mbao na komeo. Mlango wetu ulikuwa kitu cha kukunja na kuweka kwapani.

Mihogo ilibaki kule tulikotoka. Kijiji kipya kilikuwa na mistari mizuri lakini hakikuwa na chakula, basi kila asubuhi watu walirudi kwenye mahame yao kuchimba mihogo, mwendo mrefu, kwenye mashamba ambayo sasa hayakuwa na mtu wala mbwa, majani yamefika begani. Huko ndiko simba alikomkuta Shomari, alasiri, akiwa na jembe mkononi. Walirudi na jembe, na kile kilichowezekana kuvikwa sanda. Baada yake alichukuliwa Pili binti Mfaume, msichana wa mstari wa pili. Kuanzia hapo hakuna aliyemtaja mnyama yule kwa jina. Walisema Bwana Mkubwa. Walisema Mwenye Pori. Bi. Mwajabu alisema simba. Alisema simba kisimani, akasema simba mbele ya wanaume, na wanawake waliposhika vifua vyao aliwaambia kwamba huyo ameumbwa kama mbuzi alivyoumbwa, na jina lake ni hilo, na yeye hana heshima za kumpa.

Ndipo Mzee Pazi akaitisha mkutano. Serikali haikutaka mambo ya dawa, kwa hiyo ulitangazwa kuwa mkutano wa usafi, na kweli tulianza kwa kufyeka majani nyuma ya vyoo. Kisha likatolewa lile lenyewe. Fundi atakuja kukizindika kijiji. Atamwaga majivu ya dawa kukizunguka chote, na chini ya kila kizingiti atafukia kifurushi chenye kipande cha nguo ya kila mtu wa nyumba ile. Siku saba hakuna kutwanga, maana kishindo cha mchi huiamsha dawa kabla haijakaa. Na hakuna kuuvuka mstari ila kwenye lango moja, upande wa kisima, ambako wanaume watasimama na mikuki. Atakayevuka penginepo, Bwana Mkubwa atazifuata nyayo zake mpaka nyumbani kwake na kuchukua mtu. Kijiji kizima kiliitikia. Bi. Mwajabu aliuliza swali moja tu, dawa hiyo inaombwa kwa jina la nani. Fundi akasema kwa majina ya wazee wake. Mama mkwe akakaza kanga yake kiunoni akaondoka, na mimi na Tatu tukamfuata tukitazama chini.

Sijui kama mmewahi kukisikia kijiji kisichotwanga. Sisi kinu kilikuwa saa yetu. Kwa kinu ulijua nani ameamka, nani anaumwa, nani ana wageni. Asubuhi ile fundi alipoanza kumwaga majivu kutoka upande wa pili, vinu vyote vilikuwa vimelazwa, hata kuku waliona ajabu. Kisha kikalia kimoja. Cha kwetu. Mama mkwe alikuwa anatwanga makopa ya muhogo ya kusongea bada, ule ugali wetu, katikati ya uwanja, mahali ambapo kila mtu angemwona. Nilikwenda nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, wenzetu watakula muhogo wa kuchemsha. Na sisi tuchemshe." Hakuusimamisha mchi. "Wewe una mtoto tumboni," akasema. "Hutakula chukuchuku siku saba kwa ajili ya kapu la majivu. Utakula bada na kisamvu." Ninavyomkumbuka sasa, naona alikuwa akiogopa kama mimi. Alitwanga kwa nguvu kupita mahitaji ya makopa yale.

Alasiri wakafika. Nimeshawataja. Mzee Pazi alimwomba dada yake kwa heshima, hilo nalishuhudia. Alisema, "Dada, nyumba moja ikiwa wazi kijiji chote kiko wazi. Toa vitambaa vitatu tu, kaendelee na sala zako." Bi. Mwajabu akaendelea kuchagua kunde. Akasema ametoka kumwambia Mwenyezi Mungu alfajiri kwamba anamtegemea yeye peke yake, na jua halijatua. Mzee Pazi akasema hata kwenye mambo ya Mungu binadamu anajisaidia. Akajibiwa, "Nipe fito nimalizie ukuta, hapo utakuwa umenisaidia." Mwalimu Maganga akatia utani wake, kwamba Wazaramo mnagombana vizuri hivi kwamba simba akifika atakaa chini asikilize kwanza. Tatu peke yake ndiye aliyecheka.

Ndipo Bi. Chiku akasogea mbele. Sauti yake haikupanda. Alisema, "Mwajabu, mimi nimezika mtoto. Yule Mungu unayemshika wewe, mbona mimi pia nilikuwa nimemshika? Alikuwa wapi alasiri ile? Toa kitambaa, wasife wa wenzako." Mama mkwe aliuweka ungo chini. Nilifikiri atatoa, nilitamani atoe, nasema kweli, mkono wangu ulikuwa umeshashika pindo la kanga yangu kulichana. Akasema, "Sijui, Chiku. Hilo umeniuliza sijui, na nisikudanganye. Lakini lile ninalolijua siwezi kulifukia chini ya kizingiti. Kama mimi ndiye tundu lenu, niacheni nje." Fundi alikuwa amechoka, jua lilimchoma tangu asubuhi. Akasema ni jambo jepesi, mstari unaweza kupindishwa. Akaupindisha. Akaumwaga katikati ya nyumba yetu na ya Bi. Chiku, upana wa kiganja, mweupe kama unga, akaenda zake. Ndivyo tulivyoachwa nje ya kijiji bila kuhama.

Mtu akisema "kumtegemea Mungu" kwenye redio inasikika kama kulala juu ya godoro. Mimi nawaambia ilivyokuwa. Ilikuwa ni kwenda kisimani watatu, wakati wenzetu wanakwenda thelathini na ngoma za debe. Lango lao hatukuruhusiwa kulikaribia, kwa hiyo tulizunguka kwa njia yetu ya majanini. Mama mkwe alitangulia na mchi begani, Tatu nyuma, mimi katikati na mtungi. Alisoma kwa sauti zile sura chache alizozijua, Alhamdu, Kulhuwallahu na Kulauudhu mbili, akimaliza anaanza tena. Tatu alimuuliza kama mchi si kutomwamini Mungu. Akasema yeye anamwamini Mungu, mchi ni wa kumwonyesha simba. Kule ndani ya mstari tuliwasikia wakituhesabu tukirudi. Walikuwa wakitwambia, enyi wa nje, mpo wangapi leo? Walikuwa wanatania, lakini walikuwa wanataka kujua kweli.

Siku ya tatu, tulipokuwa tunarudi, tulikuta nyayo juu ya nyayo zetu. Zilikuwa zimekanyaga alama za miguu yetu ya kwenda, kubwa, na kwenye matope maji yalikuwa bado yanajichuja kuingia ndani yake. Mama mkwe alisimama. Alitazama majani kulia na kushoto. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama anayemwambia mpangaji asiyetakiwa, "Tumekuona. Tunapita." Tukapita. Nilijikojolea, mnisamehe wajukuu, na maji ya mtungi yakanificha.

Sasa nafika pale ambapo sijawahi kumfikisha mtu, si Mrisho, si Tatu. Siku iliyofuata, saa saba mchana, jua la utosi, kila mtu alikuwa ndani na mama mkwe alikuwa amejinyoosha mkekani. Nilichukua kata ya kuchotea maji, kile kifuu chenye mpini. Nikaenda nyuma ya ukuta, pale mstari ulipopita karibu kabisa na chaka la mbono. Nikachota majivu. Nikachota mara tatu, mpaka ardhi ikaonekana nyekundu, nikayapeleka nikayamwaga kizingitini chini ya jamvi, nikayasawazisha kwa kiganja. Nilifikiri nimeileta dawa kwetu. Haikunipitia akilini, sikilizeni ujinga wa hofu, kwamba kuyachota yale majivu ni kuukata mstari. Niliona nimeongeza. Nililala mchana ule usingizi mzuri kuliko wowote mwaka ule. Kesho yake asubuhi mama mkwe alikunja jamvi afagie. Alisimama na ufagio. Hakuuliza kitu. Akafagia, akayasukuma majivu mpaka kwenye shimo la taka, akarudi akaniambia kunde zimeiva nikale.

Siku ya sita, alfajiri, uchungu ulinishika. Mwezi mmoja nyuma Bi. Chiku alikuwa amenipapasa tumbo na kusema mtoto amelala upande, na kwamba siku ikifika asiitwe mwingine, yeye mwenyewe atajua kumgeuza. Mama mkwe alinipapasa, akaniambia tupumue. Mikono yake ilikuwa baridi. Alimwambia Tatu aende mstarini. Ukuta wetu ulikuwa wa kifuani, kwa hiyo niliyasikia yote. Nilimsikia Tatu akiita, nikasikia Bi. Chiku akitoka, nikasikia hatua zake zikikoma.

"Ameshikwa?"

"Tangu alfajiri, mama. Mtoto hajageuka."

Kisha Bi. Chiku akasema, taratibu, "Siwezi kuuvuka, Tatu. Ndani humu nimebakiwa na watoto watatu. Nikivuka nitakuwa nimemwita kwao." Tatu akaanza kulia, akasema azunguke basi kwa lango. Bi. Chiku akasema kwa lango ni kuzunguka pori lote peke yake, na wanaume hawatamsindikiza kuja kwetu. Mama mkwe, aliyekuwa ameshika mgongo wangu, akapaza sauti kupita juu ya ukuta, "Tatu, usimlazimishe. Amezika." Akarudia Kulhuwallahu yake sikioni mwangu, nami nilimchukia wakati ule, nasema bila aibu. Nilitamani ampigie magoti yule mwanamke. Nilitamani hata wakati ule atoe kitambaa.

Nikasikia hatua tena. Bi. Chiku alikuwa anatembea kando ya mstari, upande wake, anarudi, anatembea tena, kama mtu aliyedondosha kitu. Hatua zikazunguka nyuma ya ukuta, kwenye mbono. Zikasimama. "Hapa pamekatika," akasema. Halafu akasema tena, sauti nyingine kabisa, "Mwajabu. Hapa pako wazi. Mungu amefungua." Mama mkwe alinitazama. Mara moja tu, machoni. Nilijua amejua, na amejua tangu siku ya ufagio. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, akasema, "Basi pita, Chiku. Karibu ndani."

Alipita. Alinigeuza mtoto kwa mikono yake miwili na mafuta ya nazi, na kazi yenyewe sitaisimulia, waliozaa wanaijua. Kabla ya adhuhuri alitoka msichana, akalia. Bi. Chiku alipomaliza alikaa chini, mgongo kwenye fito, akalia naye, akimlilia Shomari, na mama mkwe akakaa ubavuni mwake. Baadaye walikula bada pamoja kwenye sinia moja, iliyotwangwa siku zilizokatazwa, na Bi. Chiku hakuuliza ilitwangwa lini. Mtoto tulimpa jina lake. Huyo ndiye Chiku wangu, mwenye banda la mbogamboga hapa barabarani Misugusugu, ambaye ndiye aliyeninunulia daftari hili na leo atajua ninaandika nini.

Mtataka kujua mwisho wa simba. Siku ya nane alichukua mbuzi wa Mfaume, mchana, ndani kabisa ya kijiji. Maneno yakaanza kwamba ni lile tundu la Bi. Mwajabu, na nilikaa na mtoto kifuani nikiogopa kuliko siku ya nyayo, maana badala ya mbuzi angeweza kuwa mtoto wa mtu. Mwalimu Maganga akaenda na Mzee Pazi kufuata alama. Waliporudi, Mzee Pazi alimwachia mtani wake aseme, naye alisema safari hii bila utani. Simba alikuwa ameingilia upande wa pili, mbali na kwetu, mahali ambapo mstari ulikuwa mzima. Alama za miguu yake zilikuwa katikati ya majivu. Wiki hiyo hiyo akaja bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, kutoka Kisarawe na bunduki, akampiga. Alikuwa simba mzee, jino moja limevunjika. Wako waliosema dawa ndiyo iliyomvuta mpaka mbele ya bunduki. Mwalimu akasema ni risasi. Bi. Mwajabu alikwenda kumtazama, akasema, "Simba," akarudi nyumbani kukandika ukuta.

Nimeishi na hadithi ya muujiza miaka yote hii. Nilisifiwa kuwa ni mkwe wa Bi. Mwajabu, mke asiyeogopa, na sikukataa. Sasa wako watakaosema, kumbe ni bibi aliyechota kwa kata, basi Mungu hakuwepo. Wasiniambie mimi hivyo. Mimi ndiye niliyelala pale na mtoto aliyelala upande. Shomari alimwomba Mungu na aliliwa. Swali la mama yake sijalipatia jibu, na mama mkwe alikufa hajalipatia. Lakini najua kwamba nyumba isiyo na mlango, isiyo na dawa, nje ya mstari, ililindwa, na ililindwa kwa kitu nilichokifanya kwa kukosa imani. Kama Mungu aliweza kuitumia hata hofu yangu, nani atanitisha tena kwa kapu la majivu? Na nimemkumbuka mama mkwe. Kila waliposimulia mbele yake kwamba mstari ulipasuka bila mkono wa mtu, yeye alikuwa akisema, "Mungu alifungua," anaishia hapo. Hayo mengine waliongeza wao. Hakunifichua na hakusema uongo.

Kama nimekosea, nirekebisheni. Huenda Pili binti Mfaume alitangulia kabla ya Shomari. Watu wa mstari wa pili wangejua. Huenda mbuzi alikuwa jike. Jina la bwana nyama limenipotea na linaniuma, mwenye kulijua aniletee. Idi, mjukuu wangu, wewe njoo tukae, unisahihishe palipopinda. Ila lile tundu msiliguse. Lilikuwa na upana wa kata tatu, nililichota mimi, kwa mkono wa kulia, na Mungu akampitisha mkunga humo humo.